Dawa Isiyo ya Siku Tatu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimekimbia. Haya, nimeandika. Juzi Jumamosi, Berega, nyumbani kwa kina Salome, mbele ya wazee kumi na wawili wenye makoti — mimi Ditram, fundi cherehani wa Mikumi, miaka thelathini na miwili, nimetimua mbio kama mwizi wa kuku.

Ilikuwa siku ya kujitambulisha. Mjomba Bonifas, mshenga wangu, alishamaliza maneno yote mazuri. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kusimama, kutaja jina, kusema natoka wapi. Baba yake Salome, Mzee Lucas, akasema kwa upole kabisa, haya kijana asimame tumwone. Nikasimama. Moyo ukaanza. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma — nikajua ndiyo nakufa, nafia sebuleni kwa watu kabla hata ya kula! Mlango wa mbele umejaa miguu ya wazee. Nikatokea jikoni. Nikaruka sufuria ya pilau. Wale akina mama hawakupiga hata kelele, walinitazama tu na miiko yao mkononi. Bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi Morogoro, basi jingine hadi huku. Suti niliyoishona kwa mikono yangu imechanika pajani.

Nilipofika Morogoro nilikuwa mzima, nina njaa. Hilo ndilo linaloniudhi. Kila mara nakufa na kila mara sifi.

Salome amerudi jana jioni, maana anafundisha shule ya msingi hapahapa. Nilidhani amekuja kunirudishia zawadi zangu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza: kwa nini? Nikamweleza yote. Kwamba ilianza kidato cha pili, niliposimamishwa kusoma mbele ya darasa. Kwamba ndiyo maana naenda misa ya kwanza na kukaa karibu na mlango. Kwamba nikiona mzee anakuja navuka barabara nisije nikasimama kumwamkia, na ndiyo maana mtaa mzima unasema fundi hana adabu, hajui shikamoo. Hakunikatiza. Mwisho akasema mwalimu mwenzake aliwahi kutibiwa hofu hospitalini Kilosa, kliniki ni Alhamisi. Kisha akasema baba yake amekasirika, mama yake bado anacheka, na wazee watatoa nafasi moja nyingine. Moja tu, Ditram, amesema. Nikikimbia tena, basi.

Sitaki kumkosa Salome. Naliandika hapa wazi, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, mahali ambapo hakuna anayefunua.

Alhamisi, 5 Juni

Leo kliniki. Sikwenda. Nilifika stendi, nikaona watu wengi, nikarudi kushona sare za shule. Sare kumi na moja! Woga wangu una faida kwa biashara.

Jumapili, 8 Juni

Mjomba Bonifas amekuja kutoka Munisagara. Amebeba viazi vitamu vya mama na uso wa hasira, ila hasira yenyewe iliishia kwenye chai. Berega wamempigia simu. Wanataka tarehe.

Nikapiga hesabu palepale. Alhamisi naenda hospitali. Dawa siku tatu, kama mseto wa malaria, vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, umepona. Dawa gani inazidi siku tatu? Nikaongeza wiki mbili za kupumzika ili nionekane mtu makini. Jumamosi tarehe ishirini na nane, mjomba, waambie.

Akapiga simu hapohapo, kwa spika, mtaa mzima unasikia. Mzee Lucas akajibu tarehe imepokelewa. Mjomba akakata simu, akanitazama, akasema tarehe waliyopokea wazee haibadilishwi — ukiigusa, ni kama umewarudishia barua yao usoni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi nimemwambia mtu asiwe na wasiwasi!

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda! Naandikia ndani ya basi la kurudi, maandishi yanaruka.

Daktari anaitwa Costancia. Mama mtu mzima, mvi fupi, kandambili za bluu. Shikamoo dokta. Marahaba mwanangu, kaa. Nilijiandaa kwa maneno ya dakika mbili, nikasema nusu saa. Hakucheka hata kidogo. Hapana, kwenye sufuria ya pilau alicheka kidogo.

Kumbe kina jina. Mashambulizi ya hofu, na chini yake hofu ya kutazamwa na watu. Si uchawi, si kichaa. Amepima presha, amesikiliza moyo, ametoa damu, moyo mzima. Akauliza kama huwa nawaza kujidhuru. Sijawahi. Kama nakunywa pombe nipate ujasiri. Kidogo, harusini. Kahawa je? Kahawa situmii, dokta, mimi ni makopo ya enaji tu. Ngapi? Nne. Kwa wiki? Kwa siku. Akaweka kalamu chini. Akasema mtu mwenye moyo unaokurupuka anaumwagia enaji nne kila siku halafu anashangaa! Nimwambieje, dukani kwangu madereva wa malori ndio wateja, na wao ndio wanaonunua.

Halafu ikaja habari ya dawa. Nilidhani atanipa, nimeze, niende. Yeye akanipangia mezani kama mimi ninavyompangia mteja vitambaa, achague.

Kuna ya kutuliza moyo na mikono, unameza kabla ya shughuli, hutetemeki. Nikasema hiyohiyo! Akauliza, uliwahi kuugua pumu? Utotoni, na hata sasa vumbi la vitambaa likizidi nabanwa. Akaifuta kwenye karatasi: mwenye pumu haifai, inaweza kumfunga kifua. Imekwenda hivyo.

Kuna ya usingizi usingizi, ya zamani, wengine inawasaidia. Ila utasinzia mchana, fundi, na kidole chako kiko chini ya sindano. Hapana.

Kuna ya haraka, nusu saa umetulia kabisa. Hiyo hapendi kuitoa. Mwili unaizoea, kesho unataka mbili, keshokutwa huwezi bila hiyo.

Na kuna hii ya kila siku, fluoxetine. Kidonge kimoja asubuhi baada ya kula. Inajenga taratibu. Ila wiki mbili za kwanza unaweza kuona hofu inazidi badala ya kupungua, tumbo kuvurugika, usingizi kupotea. Na — hapa akanitazama machoni bila aibu, mama wa umri wa mama yangu — inaweza kupunguza hamu ya mambo ya chumbani. Nikaangalia kandambili zake. Wengine inawapata, wengine haiwapati, akasema, ikikupata njoo useme, tutarekebisha, usiache mwenyewe kimyakimya.

Nikauliza, siku tatu nitakuwa sawa? Akasema wiki nne mpaka sita. Nikamwambia tarehe tumeshatoa, ishirini na nane. Akauliza, nani alikwambia dawa zote ni siku tatu? Nikasema mseto. Sasa akacheka kweli, akavua miwani akafuta macho.

Hakunilazimisha. Amesema nirudi nyumbani, nitafakari, niongee na huyo mwalimu wangu. Vidonge amenipa kwenye bahasha, nikikubali nianze. Na dawa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mazoezi: kujizoesha mbele za watu kidogo kidogo, na kuandika. Hofu ikija nisikimbie, nitoe daftari niandike saa, niko wapi, hofu ni ngapi kutoka sifuri hadi kumi. Nikamwambia daftari ninalo tayari. Nilijisikia mwanafunzi hodari.

Ijumaa, 13 Juni

Bahasha iko kwenye droo ya vifungo. Sijameza. Enaji leo moja tu, kichwa kinagonga.

Lupakisyo amepita kuchukua suruali yake. Dereva wa lori, mtu wa Tukuyu, mdomo mkubwa na roho kubwa zaidi. Akaniona sina raha, nikajikuta nimemwambia. Akacheka, akatoa pakiti mfukoni — ile ya haraka! Hii, fundi, ukimeza, hata simba wa hifadhini aingie hapa utamuuliza kiuno inchi ngapi. Yeye anaitumia apate usingizi kule Tunduma. Mwaka wa tatu sasa. Alianza na nusu, sasa mbili, na bila hiyo halali kabisa. Alisema hilo akiwa bado anacheka. Baadaye akaacha kucheka, akaangalia nje. Nikamwambia abaki nazo. Akasema nikibadili mawazo nimpigie tu.

Kwa siku moja tu ya tarehe ishirini na nane, kile kidonge kingetosha. Hilo nalijua na linanisumbua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia Salome yote. Mpaka lile la hamu! Nilimwambia nimempa mgongo, nikijifanya natafuta uzi mweusi.

Akasema, mimi kwanza nataka mume anayekaa sebuleni. Hayo mengine yakija tutayapanga.

Nilicheka mpaka futi kamba ikaniponyoka. Kisha akawa serious. Akasema, ukimeza cha haraka siku ile, wazee watakuwa wamemwona mtu mwingine. Na baada ya hapo kuna kuhesabu mahari, kuna harusi, kuna ubatizo, kuna vikao vya wazazi shuleni, kila siku utakuwa unamtafuta Lupakisyo? Nikamwambia, lakini cha taratibu hakitawahi, tarehe ishirini na nane nitakuwa kwenye zile wiki mbili mbaya. Akasema anajua kuhesabu, yeye ni mwalimu wa hisabati.

Nampenda huyu mwanamke. Kesho naanza.

Jumapili, 15 Juni

Kidonge cha kwanza, saa moja na nusu asubuhi, baada ya chai na kiazi. Kidogo, rangi mbili, hakina ladha. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja mara sita. Hakuna kipya.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya nne. Ingekuwa malaria ningekuwa nimepona jana.

Tumbo linaunguruma. Naamka saa tisa usiku macho kodo, basi nashona. Nimemaliza magauni ya kwaya kabla ya tarehe — watu wa kwaya hawaamini, wanadhani nimebadilika tabia. Enaji sifuri.

Zoezi la daktari: shikamoo kumi kwa siku, na baada ya shikamoo nisimame mpaka marahaba iishe na habari za nyumbani zifuate. Jana sita. Leo kumi na moja! Bibi anayeuza mchicha ameshangaa mpaka ameniuliza kama ninagombea uenyekiti wa mtaa. Mzee wa ghala la mahindi ameniweka dakika ishirini juu ya ng'ombe wa mtu. Hofu saba mwanzoni, tatu mwishoni. Nikagundua kitu: ilishuka yenyewe wakati mimi nimesimama palepale. Sikujua kama huwa inashuka. Siku zote nilikuwa nimeshaondoka.

Jumamosi, 21 Juni

Jumuiya. Nimeomba mwenyewe kusoma somo. Watu kumi na nne, mkeka, nyumbani kwa mama Hildegarda. Mistari saba tu.

Mstari wa tatu sauti ikakatika. Saa moja asubuhi, hofu nane. Nikasimama nayo. Mama Hildegarda akasema polepole, endelea baba, hatuna haraka. Nikaendelea! Nilimaliza natokwa jasho kama mchoma mkaa, na hakuna aliyesema kitu, wakaimba, wakagawa maandazi. Nimekula matano.

Jumanne, 24 Juni

Mbaya leo. Mbaya sana. Saa nane mchana, dukani, hakuna hata mteja — imekuja bila sababu. Kumi. Nililala chini ya meza ya kukatia, nguo zimenifunika. Nikawaza Jumamosi. Nikawaza sebule ile, wazee wale, macho yale. Dawa hii inanimaliza badala ya kuniponya! Hivyo ndivyo nilivyowaza.

Nikampigia Lupakisyo. Naandika ukweli. Nilimwambia nakitaka kile kidonge. Yuko Tunduma, kwenye foleni ya mpakani, siku ya pili, hajui atavuka lini. Akasema pole fundi, ningekuwa karibu ningekuletea. Halafu akasema, au bora niko mbali.

Dakika ishirini na tano. Kisha ikashuka. Nilitoka chini ya meza nimebandikwa vipande vya kitenge mgongoni, mteja akaingia akauliza kama ni fasheni mpya.

Alhamisi, 26 Juni

Kilosa tena. Nimemwambia daktari kuhusu Jumanne, na simu ya Tunduma pia. Hakunigombeza. Akasema hii ndiyo sehemu ngumu aliyoniambia, na nimekuja kumweleza badala ya kuacha, hilo tayari ni tiba. Akasoma namba zangu. Akanionyesha kwa kidole: nane ya jumuiya ilishuka, kumi ya Jumanne ilishuka, kila moja imeshuka. Sikuwa nimezisoma zote pamoja.

Nikamuuliza, je, Jumamosi nitakuwa sawa? Akasema hataki kunidanganya. Dawa haijafika bado kwenye nguvu yake. Nitaogopa. Akasema swali si kama nitaogopa, ni nitafanya nini nikiogopa. Nikarudi nalo hilo swali mpaka Mikumi, nusu ya njia nimekasirika, nusu nimetulia.

Naendelea na dawa. Nimeamua mimi, si Salome wala daktari. Ningependa tu ikimbie kidogo.

Paja la suti nimelishona. Mshono hauonekani, kazi nzuri hata kama ni yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Berega. Saa tano na dakika hamsini. Niko kwenye chumba cha pembeni cha kina Salome, kwenye kiti cha plastiki, peke yangu. Safari hii ndivyo walivyopanga: mshenga anaongea kwanza, mimi nakaa huku mpaka nitakapoitwa. Kati yangu na sebule kuna pazia la maua tu. Nasikia kila kitu.

Asubuhi nimemeza cha kumi na nne. Hofu sita. Mwanzo mzuri.

Tumepigwa faini mlangoni kwa kuchelewa dakika kumi, Mjomba akalipa huku analalamika kwa furaha. Wazee wamechangamka leo. Mlango wa jikoni, nimesikia kwa masikio yangu, mmoja amesema ufungwe kwa komeo — watu wamecheka mpaka basi! Hata mimi huku nimecheka. Mama yake Salome anacheka kuliko wote. Hofu tano.

Saa sita na dakika tano. Mjomba anaongea vizuri. Anasifu mabonde ya Berega, anasifu mbegu nzuri na shamba lililotunzwa. Wazee wanaguna kwa kuridhika.

Saa sita na kumi. Mzee Lucas ameuliza. Sauti yake ya upole ileile. Anasema kabla hatujamwita kijana, tunataka kujua, siku ile alipatwa na nini. Binti yetu hatumtoi tukiwa gizani.

Hofu saba. Nane.

Mjomba amejibu! Amesema tumbo. Tumbo, wazee wangu, alikula samaki wa kukaanga njiani, kijana akaona aibu kuomba msalani ugenini. Sikumtuma. Hakuniambia. Wazee wanacheka, wanapiga mapaja. Wamekubali! Mmoja anasema hata yeye aliwahi kupatwa na hilo siku ya harusi yake. Basi, limekwisha — nikiitwa nitaingia, nitataja jina, hakuna atakayeuliza tena. Mjomba wangu mwema.

Saa sita na kumi na tano. Shangazi yake Salome hajacheka. Namsikia. Anasema mwiteni Salome.

Salome ameingia. Nimesikia anapiga magoti, anaamkia. Mzee Lucas anamuuliza taratibu, mwanangu, wewe unamfahamu huyu. Ni kweli lilikuwa tumbo?

Kimya.

Mjomba anakohoa.

Hofu tisa. Kalamu inateleza, kiganja kimelowa. Mlango wa uani uko nyuma yangu na uko wazi, naona kuku, naona barabara. Dawa haijafika. Salome hajajibu. Hawezi kumdanganya baba yake na hataki kunisema mimi, amekwama pale magotini mbele ya wote, yeye ambaye hajakosa chochote.

Bado hajajibu.

Hakuna aliyeniita. Naingia.